Chanda Chema Huvikwa Pete, Bali Nani Mvishaji?

Wahenga walituachia misemo miwili juu ya tuzo. Mmoja wasema chanda chema huvikwa pete. Wa pili wasema mcheza kwao hutuzwa. Msemo wa kwanza watukumbusha kwamba wema usiachwe upite kimya kimya. Wa pili watukumbusha jambo zito zaidi: mwenye haki ya kutuza ni yule aliyekuwako uwanjani, akauona mchezo kwa macho yake, akamjua mchezaji na watu wake. Twaandika makala haya kwa sababu siku hizi misemo hiyo imetenganishwa. Pete zimekuwa nyingi, na wengi wa wavishaji hawakuwako uwanjani.

Zipo leo tuzo za kila namna za kuwasifu wale walioshirikisha umma kwa njia bora. Kipo chama cha kimataifa cha wataalamu wa kazi hiyo, kilichoundwa mwaka 1990, ambacho hutuza miradi iliyowahusisha raia katika maamuzi. Umoja wa Mataifa una tuzo zake. Serikali na makampuni nayo yana zao. Hatuna ugomvi na desturi ya kushukuru. Asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kingi. Ugomvi wetu waanza pale ambapo mwenye kushirikisha ndiye ajazaye fomu, ndiye aandikaye sifa, ndiye apandaye jukwaani, ilhali walioshirikishwa hawana hata habari kwamba palikuwa na shindano. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

PETE ILIYOFIKA GAZI

Sisi wa Kusini mwa Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta pete iliyovikwa chanda kinachostahili. Iko Gazi, kijiji kilicho kati ya Diani na Msambweni, na kwa jirani yake Makongeni. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwandani, na mahali pengi pakabaki tope tupu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), wakiwa bega kwa bega na wanakijiji, walianza kuipanda upya. Ilikuwa kazi ya jua na matope, mche mmoja baada ya mwingine, na mingi ikang'olewa na mawimbi kabla haijashika.

Mwaka 2013 vijiji hivyo viwili vilianzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja. Hekta 117 za mikoko ziliwekwa chini ya ulinzi wa wenyeji, na faida ya miti hiyo katika kunyonya hewa ya ukaa ikapimwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha zilizopatikana zimeleta maji vijijini, zikanunua vitabu na kukarabati madarasa, na zikagharamia upanzi wa miti zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) liliutunuku mradi huo Tuzo ya Equator, ukiwa mmoja wa washindi 15 wa mwaka ule kutoka pande zote za dunia.

Twaisifu tuzo hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, kazi ilitangulia pete. Kati ya miche ya mwanzo na siku ya kutunukiwa palipita zaidi ya miaka 20. Pili, wenyeji wenyewe hukaa kikao wakaamua fedha ziende wapi, kama ni kisima au ni darasa. Hawangojei kusomewa orodha iliyopangwa mjini. Tatu, jirani aliona akaiga. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani, vilianza mradi wao wa namna hiyo hiyo kwenye hekta 460. Hakuna cheti kinachothibitisha ubora wa jambo kuliko jirani aliyeamua kulifanya kwake.

Hatusemi kwamba Gazi kumekuwa peponi. Mikoko ya ghuba ile ni zaidi ya hekta 600, na zinazolindwa kwa mpango huu ni sehemu tu. Bei ya hewa ya ukaa haipangwi Makongeni. Aliyezoea kukata boriti za kujengea amelazimika kutafuta mti mwingine, ndiyo maana mivinje ikapandwa ili ajenge bila ya kurudi baharini na shoka. Lakini mambo hayo hujadiliwa na wenyewe, mbele ya wenyewe. Huo ndio ushiriki.

NISHANI ZA ENZI ZILE

Msomaji aliyeishi chini ya chama kimoja anajua kwa nini tunatahadhari na nishani. Katika miaka ile, mwananchi aliyesifiwa kwa kushirikiana na serikali alikuwa ni yule aliyepiga makofi. Waliouliza maswali hawakuitwa wazalendo. Profesa Wangari Maathai alipopinga jengo refu la chama tawala katika Bustani ya Uhuru mwaka 1989, alitukanwa hata bungeni. Wageni walimtuza mwaka 1991 kwa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na ndipo wengi nyumbani walipokumbuka kwamba walimpenda.

Wakumbukeni pia akina mama wa wafungwa wa kisiasa, walioketi katika bustani hiyo hiyo mwezi wa Februari 1992 wakidai wana wao. Walipigwa, wakatawanywa, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mwaka 1993. Kama ushirikishaji wa umma una mama mzazi katika nchi hii, ni wao. Hawakualikwa na mtu yeyote kutoa maoni. Hawakutia sahihi karatasi ya mahudhurio. Walikwenda wenyewe, na kanisa likafungua mlango.

Twayasema haya ili ieleweke kwamba haki ya raia kusikilizwa haikuletwa na semina. Ililipiwa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi katika Ibara ya 10 kuwa ni tunu ya taifa, ikaurudia katika Ibara ya 69 juu ya mazingira, ya 174 juu ya ugatuzi, ya 196 juu ya mabunge ya kaunti, na ya 201 juu ya fedha za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imefafanua njia zake. Mahakama nazo zimeonyesha kwamba maneno hayo si mapambo: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Basi mtumishi wa umma anayetushirikisha anatimiza sheria. Mtu hatunukiwi pete kwa kulipa deni. Anayestahili pete ni yule aliyefanya zaidi ya wajibu wake, au aliyeutimiza pale ambapo palikuwa na hatari.

MCHANGA WA NGULUKU NA KILIMA CHA MRIMA

Tutazame sasa madini, maana ndiko suala hili linakochoma katika Kwale. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilikuja kutafuta titani katika mchanga wa Maumba na Nguluku. Mwaka 2001 wakazi waliishtaki katika Mahakama Kuu mjini Mombasa, na mahakama ikaizuia kuendelea kwa sababu masharti ya sheria ya mazingira hayakuwa yametimizwa. Hapo Katiba mpya ilikuwa bado ni ndoto, na sheria yenyewe ya mazingira ilikuwa changa, ya mwaka 1999. Wakulima wa minazi na mikorosho waliisoma sheria hiyo kabla ya wengi wa wakubwa wetu. Ni hafla gani iliyowaita jukwaani?

Mradi ule baadaye ulichukuliwa na Base Titanium. Familia zilihamishwa, na uchimbaji ukaanza mwaka 2013 hadi ulipofungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Haki itajwe: kampuni ilijenga shule na zahanati, ikasomesha watoto, ikaajiri vijana. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliweka jambo ambalo si hisani: mrabaha ugawanywe, asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ambako madini yanachimbwa. Miaka ilipita wenyeji wakiliulizia fungu hilo la 10. Huo ndio mtihani wa ushiriki. Si hesabu ya vikao vilivyoitishwa, bali ni kama mwenye haki aliijua haki yake kwa tarakimu, na kama ilimfikia.

Na mtihani haujakwisha. Ardhi iliyochimbwa ingali pale, nayo ni lazima iamuliwe itakuwa nini: mashamba, msitu, viwanda, au jangwa la mchanga mweupe. Kule Lunga Lunga, kilima cha Mrima kina madini adimu yanayotafutwa na mataifa makubwa, na papo hapo kina msitu ambao wazee wanautunza kama mahali patakatifu. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa mwaka 2013. Kampuni ilipoishtaki Kenya mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi, mwaka 2018 baraza hilo liliamua kwamba leseni ile haikuwa na uhai tangu mwanzo, kwa vile ilitolewa bila kufuata sheria zetu, zikiwemo za mazingira. Fundisho liko wazi hata kwa mwekezaji: karatasi iliyopita nyuma ya migongo ya watu na sheria haimfikishi mbali. Sasa hamu ya wageni juu ya Mrima imerudi. Kabla hatujamtuza yeyote kwa kuja kusema nasi, tuhakikishe kwamba jibu letu lina uzito.

VIDATO VYA NGAZI

Mwaka 1969 mwanamke mmoja wa Marekani, Sherry Arnstein, aliandika makala akiufananisha ushiriki wa raia na ngazi yenye vidato vinane. Katika vidato vya chini kabisa watu huchezewa akili na kutulizwa. Juu kidogo hupewa habari, huulizwa maoni, hupozwa kwa viti viwili vitatu kwenye kamati. Vidato vya juu tu ndivyo ambamo raia wana ubia, wana mamlaka waliyokabidhiwa, au wanaamua wenyewe. Miaka mingi imepita, na ngazi hiyo ingali yatufaa kama mizani.

Vikao vingi tunavyovijua hapa Kwale viko kwenye vidato vya chini. Tangazo hutoka jana kwa kikao cha kesho. Waraka ni kurasa mia kwa Kiingereza, na mzee wa Kinango hupewa dakika mbili. Kikao huwekwa Ukunda, na mama wa ndani ya Lunga Lunga anatakiwa ajilipie nauli. Maoni huandikwa, kisha hayaonekani tena. Soda inakunywewa, picha inapigwa, na picha hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa waamuzi wa tuzo.

Msomaji wa Maandiko anaikumbuka habari ya Nabothi. Mfalme Ahabu alimwendea, akamweleza haja yake, akampa ahadi ya shamba jingine au fedha. Kwa vipimo vya baadhi ya waamuzi wa leo, hapo umma ulikwisha kushirikishwa. Lakini Nabothi alipokataa, kukataa kwake hakukuheshimiwa, na mwisho wa habari ile ni damu. Ushiriki usioruhusu neno "hapana" ni adabu tu kabla ya dhuluma.

MASWALI MATANO

Kwa hiyo twapendekeza kwamba tuzo yoyote ya ushirikishaji wa umma itakayotolewa katika kaunti hii, na mtu awaye yote, ipimwe kwa maswali matano.

La kwanza: watu waliarifiwa mapema na kwa lugha yao? Kiswahili, Kidigo na Kiduruma si lugha za kuombea radhi.

La pili: watu waliweza kukataa, na je, walipokataa au kutaka mabadiliko, kuna lililobadilika? Mshindani na aonyeshe jambo moja tu alilolibadili kwa sababu ya maneno ya mwananchi.

La tatu: hesabu za fedha zilisomwa hadharani? Asiyeweza kusimama chini ya mwembe akasema kilichoingia na kilichotoka, asisimame jukwaani kupokea sanamu ya kioo.

La nne: nani hakuwako? Wanawake, vijana, walemavu, wavuvi walio baharini wakati wa kikao. Na hapa tuseme bila kuficha: jirani aliyetoka bara naye ahesabiwe. Tumeona mwezi wa Agosti 1997 jinsi machafuko yaliyoanzia Likoni yalivyoshuka kusini, na jinsi maelfu walivyokimbilia kanisa Katoliki la Likoni na mabegi yao kichwani. Ushiriki unaochuja watu kwa kabila au kwa dini ni mbegu ya fujo ile.

La tano: walioshirikishwa ndio waliompendekeza mshindi? Tuzo ambayo mgombea amejipendekeza mwenyewe na itolewe, kama wenyewe wanapenda, lakini isiitwe ya umma.

HISANI SI USHIRIKI

Wako watakaotujibu kwamba tunakatisha tamaa watu wema. Watasema: kampuni imechimba kisima, gavana ametoa basari, hoteli ya Diani imepaka rangi darasa, kwa nini msiseme ahsante na kunyamaza? Tunasema ahsante. Kisima ni kisima, na maji hayana chama. Lakini hisani ni mimi kuamua utapata nini. Ushiriki ni wewe kuamua pamoja nami. Hisani yaweza kufanywa na mfalme kwa mtumwa. Ushiriki ni wa watu walio sawa. Tukizichanganya mbili hizo, tutawazawadia wenye mikono mirefu na kuwasahau wenye haki.

Wengine watasema kwamba tuzo za ng'ambo ndizo zenye ulinzi, kwa sababu mtu akishajulikana duniani ni vigumu kumgusa. Hoja hii ina ukweli, nasi hatuidharau. Bi Phyllis Omido wa Mombasa alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania wakazi wa Owino Uhuru waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Jina lake lilisikika kote. Hata hivyo hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 ilitolewa mwaka 2020, ikapinduliwa katika rufani, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Tazameni urefu wa njia hiyo. Pete ilifika miaka mitano kabla ya hukumu ya kwanza na miaka tisa kabla ya ile ya mwisho. Wagonjwa hawatibiwi kwa pete. Basi tuzo isidhaniwe kuwa ndio mwisho wa safari. Ni taa tu ya kumulikia njia ambayo watu bado wanaitembea.

TUFANYE NINI?

Twawaambia wanaharakati: acheni kungoja barua kutoka miji mikuu. Kila wadi yaweza, mara moja kwa mwaka, kukutana na kuwataja hadharani watu watatu au kikundi kimoja kilichosimamia sauti ya wengi. Pasiwe na fedha, maana fedha huleta wapambe. Pawe na majina, sababu, na mashahidi. Kanga moja mabegani mwa mama aliyeidai hesabu ya kamati ya maji, mbele ya majirani zake, ina uzito kuliko cheti cha hoteli. Na mwaka huo huo, katika kikao hicho hicho, zitajwe ofisi zilizofunga milango.

Twawaambia waumini: kanisa lilipokuwa na ujasiri, lilikuwa nyumba ya wale wasio na jukwaa. Katika Kwale sisi ni wachache, na hilo si udhaifu. Linatulazimisha kuketi na Waislamu, walio wengi, na wazee wa Kaya, ambao misitu yao mitakatifu, Kaya Kinondo ikiwamo, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa ni urithi wa dunia. Wazee wale waliitunza kwa karne nyingi bila ya kushindana na mtu. Kumbi za parokia na viwanja vya misikiti vitumike kusomea bajeti ya kaunti kabla haijapitishwa, si baada ya kupitishwa. Mwanafunzi wa sekondari awasomee wazee tarakimu. Penye wengi hapaharibiki neno.

Na twawaambia watoaji wa tuzo, wa hapa na wa mbali: karibuni. Mkija Kwale, msianzie ofisini. Anzieni Gazi wakati bahari imekupwa, muone miti iliyopandwa na mikono mnayoishika. Kisha nendeni Nguluku, mwulize ni nani ataamua juu ya ardhi iliyobaki. Mkipata jibu moja kutoka kwa chifu, kwa mkulima na kwa mjane, mtakuwa mmempata mshindi wenu. Mkipata majibu matatu, rudini na pete yenu. Tutawaita siku itakapostahili kuvaliwa, nasi wenyewe tutaivisha.